Ngumi za Mwoka Mikate

Siku ya kwanza nilipomtazama vizuri mwoka mikate, alikuwa anampiga mtu.

Aliyekuwa akipigwa ni utingo wa lori la mkonge, kijana wa mabega mapana aliyeingia dukani kwa haraka kununua mkate. Mkate mmoja ulianguka chini. Utingo akaukanyaga, kisha akausukuma kwa kiatu hadi mlangoni, kama mtu anayesukuma ganda la ndizi. Mwoka mikate akatoka nyuma ya meza na ule ubao wake mrefu wa kutolea mikate tanurini, akamchapa nao shingoni. Utingo alipogeuka akapigwa tena, safari hii ngumi ya mdomo. Wakatoka nje wameshikana mashati, wakaangukia barazani kwangu, cherehani yangu ikayumba nusura ipinduke. Nikanyakua mkasi na kitambaa cha mteja nikakaa kando. Wenzake yule utingo wakashuka kutoka kwenye lori, wakampiga mwoka mikate mpaka akakaa chini mwenyewe.

Walipoondoka aliinuka, pua inavuja damu, akaenda mlangoni akauokota ule mkate. Akaupangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaubusu, akaupandisha kwenye rafu ya juu kabisa.

"Jirani," akaniambia, "samahani kwa cherehani."

Tuliitana hivyo miaka yote, jirani kwa jirani. Baraza langu na duka lake vilitenganishwa na ukuta wa matofali mabichi, upande wa barabara inayoelekea stesheni pale Same. Mimi nilikuwa nimeteremka kutoka Mhezi kuolewa na karani wa mizigo wa stesheni, na cherehani nilikuja nayo. Yeye nilimkuta. Mji mzima ulimwita Mwarabu wa Mikate, kwa sababu alitokea Aden na alitukana Kiarabu. Hakuwa Mwarabu. Ukimwuliza alikwambia, "Mimi Myahudi," na hapo watu walikwama, maana Wayahudi tuliwajua wa kwenye Biblia, hatukudhani mmoja wao angeweza kuwa Same akigombana na mtu kwa sababu ya gunia la unga lenye mchanga. Mama mmoja wa kanisani kwetu alimwuliza kwa heshima kabisa kama anamfahamu Musa.

"Mtaa mmoja," akajibu, bila kucheka.

Alikuwa mfupi, kifua kipana, nywele za mikononi zimeungua zote kwa moto wa tanuri. Mikono ile ilikuwa na kazi tatu: kukanda unga, kushika kamera na kupiga watu. Nilimwona akimpiga mfanyabiashara wa unga. Nilimwona akimpiga manamba mmoja, kibarua wa mashamba ya mkonge, aliyekuwa akimburuta mkewe kwa nywele mbele ya duka, na yule mke akamrukia mwoka mikate kumtetea mumewe, akamng'ata bega. Unga ukikataa kuumuka alipiga ukuta. Ukuta wa chumba chake cha kukandia ulikuwa na mabonde ya ngumi, na mimi upande wa pili nilijua siku mbaya kwa kusikia vishindo. Lakini mikono hiyohiyo ikiwa kwenye unga ilikuwa taratibu kama ya mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Sikuwahi kuelewa alibadilishaje.

Kuhusu mkate alikuwa na mambo yake. Kila asubuhi kabla ya kuingiza mikate tanurini alimega kipande cha unga uliokandwa, kama yai la kuku, akasema maneno ya kwao, akakitupa motoni. Nilipomzoea nilimwuliza.

"Hicho unampa nani?"

"Si changu."

"Ni cha nani basi?"

"Zamani kilikuwa cha kuhani. Sasa makuhani hawana kazi, nyumba yao, lile hekalu, ilichomwa moto na maaskari. Basi nami nampa moto." Alisema kwa hasira, utadhani nyumba hiyo ilichomwa juzi na yeye alikuwepo.

Alichovya mkate kwenye chumvi kabla ya kula, akisema meza ya mkate ni madhabahu, na madhabahuni chumvi ilikuwapo. Akimaliza kula, kabla ya kushukuru, aliondoa kisu mezani au akakifunika kwa kitambaa. Kisu kinafupisha maisha na mkate unayarefusha, alisema, havikai pamoja wakati wa kushukuru. Siku nyingine, tukiwa tunasikiliza kelele za manamba wakipigana kilabuni, aliniambia kwamba katika lugha ya kitabu chao neno la mkate na neno la vita yana herufi zilezile.

"Kwa nini?"

"Uliza mtu mwenye njaa."

Jambo lililowaudhi watu zaidi ni kwamba hakuwahi kumpa mtu mkate mkononi. Unanyoosha mkono, yeye anauweka juu ya ubao wa meza, unauchukua mwenyewe. Mke wa ofisa mmoja alikuja na mkono umenyooshwa, akauacha hivyo hewani mpaka ukachoka, akatoka akisema yule Mwarabu anatudharau tuliopata Uhuru. Mwoka mikate hakueleza. Kueleza hakukuwa kazi yake.

Ijumaa jioni alifunga duka, na Jumamosi hakuuza, hakuwasha moto, hakugusa kamera. Wasabato wa Mamba waliposikia, waliteremka kutoka mlimani na mikungu ya ndizi, wamejaa furaha, kumwona ndugu mpya. Walikaa barazani kwake nusu siku. Walikubaliana kuhusu siku na kuhusu nguruwe, wakashindwana kabisa kuhusu Yesu, wakaagana vizuri. Kilichotutesa sisi ni harufu. Ijumaa kabla jua halijazama alitia chungu chenye unga na samli kwenye makaa yanayokufa, akakifunika, na Jumamosi asubuhi harufu ya mkate ule ilivuka barabara huku mlango umefungwa. Walevi walikuja kugonga. Yeye aliwatukana kutokea ndani bila kusogea kitini. Mimi aliniwekea kipande dirishani, kwenye sahani.

Sasa kamera. Kabla yake, mtu wa Same akitaka picha alikwenda Moshi, au alimngoja yule mpiga picha wa kupita na pazia lake lenye maua. Ulioga, ukavaa, ukasimama umekauka kama mti wa simu. Mwoka mikate hakupiga picha za namna hiyo. Kamera yake ndogo ilikaa mfukoni mwa aproni yake ya gunia, imejaa unga, akakupiga ukiwa unatafuna, unapiga chafya, unamfinya mtoto, unapima vibaya sukari ya mteja. "Mtu akijua anapigwa picha, anavaa uso," alisema. "Mimi nataka ule anaouvua."

Kwa ajili hiyo alipigwa sana. Mwenye bucha alimkimbiza na shoka la mifupa mpaka ng'ambo ya reli, kwa sababu alimpiga picha akiipuliza nyama ivimbe ionekane nono. Mama muuza uji alimmwagia uji wa moto mgongoni, akalala kifudifudi juma zima. Vijana wa kifugaji wa tambarare walimpiga rungu la goti. Alichechemea, akarudi siku iliyofuata kutafuta picha. Nilimwambia, jirani, waombe kwanza. Akaniambia kuomba ni kumpa mtu nafasi ya kudanganya.

Alizisafisha picha mwenyewe, kwenye kijichumba kisicho na dirisha nyuma ya tanuri, kisha akazitundika kwa vibanio vya nguo juu ya rafu ya mikate. Ukienda kununua mkate, unajikuta. Watu waliapa hawatakanyaga tena pale, na kesho yake wakaja mapema kuona nani mwingine amenaswa. Wakati wa sherehe za Uhuru kila mtu alitaka apigwe picha na bendera. Yeye alipiga picha ya wazee wawili waliotoleana ngumi wakigombea kiti cha kivulini cha kutazamia hiyo bendera. Walikuja kuichana. Kisha wakasimama kuitazama, wakaanza kucheka, wakaomba kila mmoja nakala yake.

Hivyo ndivyo tulivyoishi naye, tukimpiga na kula mikate yake, mpaka Jumamosi aliyouawa yule kijana.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimekwenda kwa mama yangu, aliyekaa peke yake bondeni, mlima unapoishia, kwenye shamba la marehemu baba. Niliporudi jioni niliambiwa mwizi wa baiskeli ameuawa sokoni. Mume wangu nilimkuta uani akifua shati lake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Damu ya nini hiyo?"

"Mbuzi. Tulikuwa tunapakia mbuzi behewani, mmoja kavunjika pembe."

"Na huko sokoni je?"

"Nilikuwa stesheni. Nitajuaje?"

Jumatatu asubuhi nilikwenda kununua mkate. Picha zote zilikuwa zimeondolewa kwenye kamba, imebaki moja, kubwa, imetundikwa katikati. Yule kijana mwenyewe haonekani. Kinachoonekana ni mguu wake wenye kandambili za tairi, na pindo la lubega, shuka ya wafugaji. Kilichojaa mle ni nyuso. Mwenye bucha yumo. Yumo mzee mmoja wa wale waliogombea kiti, anacheka. Na yumo mume wangu, ameinua jiwe kwa mikono miwili juu ya kichwa, ulimi ameubana kwa meno kama mimi ninapotunga uzi kwenye sindano.

"Huyu ni mume wangu," nikasema.

"Najua, jirani."

"Na hukunifikiria hata mimi?"

"Jana kutwa nzima nimeshika mkasi," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilitaka nimkate huyu kwa ajili yako. Halafu yule kwa ajili ya watoto wake. Halafu mzee kwa ajili ya uzee wake. Ingebaki picha ya mguu."

Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu nimeona picha. Alinipiga kofi nikaangukia meno ya mbele kwenye ukingo wa kitanda. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo. Nadhani alishangaa na yeye, maana alikaa akiutazama mkono wake.

Kesho yake wale wa kwenye picha walikwenda dukani kwa pamoja. Nilikuwa barazani, niliona yote. Mwenye bucha alimwambia aishushe picha. Mwoka mikate akasema njooni muishushe. Wakaingia. Nilisikia rafu zikianguka, nikasikia ule ubao ukigonga vichwa, nikasikia sauti ya mume wangu akilia kwa maumivu. Walimburuta nje wakimvuta miguu, kichwa kikigonga ngazi, wakampiga mateke mpaka meno yakamtoka. Picha wakaichana vipandevipande. Mikate ilitapakaa barabarani na mbuzi wakaila. Yeye alitambaa akiwafukuza mbuzi, mdomo umejaa damu, akiokota mikate.

Kesho yake asubuhi picha nyingine ileile ilikuwa imetundikwa mahali palepale. Waliichana hiyo pia. Akatundika nyingine. Askari wawili walikuja, wakaitazama, wakanunua mkate, wakaondoka. Mwishowe watu wa Same walichoka kuchana, wakaamua kutokula mkate. Tanuri likawaka kwa ajili ya abiria wa treni tu, na mimi.

Kisha baba wa kijana akaja mjini. Alikuwa mfugaji mrefu wa tambarare, mzee, masikio yake marefu yameviringishwa juu, ana fimbo tu, hana sime wala rungu. Alikuwa akiuliza kila mlango kama wamemwona mwanawe aliyekwenda na baiskeli. Kila mlango ulimwambia haujui. Alipofika kwa mwoka mikate, mimi nilikuwa ndani nimempelekea aproni niliyomshonea. Mwoka mikate alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mkate, akaumega, akazunguka meza, akamtia yule mzee kipande mkononi, akavifunga vidole vyake juu ya kipande hicho.

Nilishtuka. Baadaye alinieleza kwamba kwao mkate hautiwi mkononi mwa mtu isipokuwa amefiwa.

Yule mzee hakuijua mila hiyo, lakini uso wake ulibadilika. Akainua macho akaiona picha. Aliisogelea. Alikitambua kiatu.

"Wewe ndiye uliyepiga hii?"

"Mimi."

"Ulikuwa karibu hivi?"

"Karibu hivi."

"Mwanangu alisema nini?"

"Sikusikia, mzee. Nilikuwa natazama."

Mzee akaikariri picha, uso kwa uso, akatoka. Siku ile alizunguka Same kumtafuta kila mtu aliyemo, na kila aliyempata alimwuliza swali hilo moja. Mwenye bucha alimtishia kwa shoka. Wengine walijifungia. Jioni ilipoanza kuingia alifika kwetu.

"Hodi."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Namtaka mwenye nyumba."

Mume wangu alikuwa anakula. Alitoka na panga lililokuwa nyuma ya mlango. Mzee aliliona panga, akachuchumaa chini palepale mbele yake, akalaza fimbo.

"Mwanangu alisema nini?"

"Ondoka hapa."

"Nitaondoka. Alisema nini?"

Mume wangu alimpiga teke la kifua. Mzee akaanguka kichalichali, akainuka taratibu, akachuchumaa tena. Damu ilimtoka kwenye kiwiko. "Alisema nini?" Akapigwa tena, kwa bapa la panga, begani. Nilimshika mume wangu kiuno nikapiga kelele, akanisukumia ukutani. Mzee akachuchumaa mara ya tatu, sauti imekuwa ndogo.

"Ni maneno tu ninayataka. Sina kitu kingine cha kupeleka nyumbani."

Mume wangu aliliachia panga likaanguka. Akakaa kwenye kizingiti.

"Alisema baiskeli ni yake," akasema. "Alisema ameinunua Hedaru, muuzaji yupo, twende tukamwulize. Alilisema hilo mara nyingi. Kisha akasema shikamoo. Alitusalimia shikamoo, wote, mmoja mmoja. Nadhani alifikiri akituamkia tutaacha."

"Nilimfundisha salamu," mzee akasema. Akachukua fimbo yake, akanishukuru mimi, akashika njia ya tambarare.

Siku chache baadaye nilirudi Mhezi. Mwoka mikate ndiye aliyeinua cherehani akaipandisha kwenye lori. Alikuwa hajazoea kusema bila meno, maneno yalimvuja.

"Jirani," akasema, "Jumamosi hatuwashi moto, hatufanyi kazi. Lakini kama mtu anakufa, sheria yetu inasema vunja. Vunja siku, washa moto, beba, kimbia, fanya lolote umwokoe. Usipovunja una dhambi." Akafunga kamba ya mzigo wangu, akaikaza kupita kiasi. "Mimi nilivunja. Nikaingia ndani nikachukua kamera."

"Wangekuua na wewe."

"Labda. Sijui. Sikujaribu."

Dereva akapiga honi. Tuliachana hivyo.

Nilikaa mlimani miaka mingi nikishona sare za shule. Mume wangu alihamishiwa stesheni nyingine, nami sikumfuata wala kumwulizia. Mwoka mikate nilimwona mara mojamoja nilipoteremka. Watu walikuwa wameanza tena kula mkate wake. Wengi wa wale wa kwenye picha walikuwa wamehama au wamekufa. Picha ilikuwa imepauka, lakini ilikuwapo. Katika mambo ya Ujamaa alikuwa na maneno mawili yasiyopatana. Alisema watu kulima pamoja na kula pamoja ni jambo ambalo hata vitabu vyao vinalisifu, na aliwapelekea mikate vijana waliojitolea kuchimba msingi wa shule. Tena alisema mtu akikwambia pakia vyombo vyako upande lori, usingoje kumwuliza unakwenda wapi, kimbia. Wakati wa utoto wake kule Aden mtaa wao ulichomwa, na familia yake ilihamishwa kwa lori. Hayo aliniambia mara moja tu, akikanda, na alipofika kwa kaka yake akaacha kusema akakanda tu.

Basi ikaja amri ya kuhamia vijijini. Kule mlimani haikutugusa sana, lakini waliotawanyika bondeni walitakiwa wasogee barabarani, kwenye viwanja vilivyopimwa. Mama yangu alikataa. Alisema kaburi la mume wake halina miguu. Nilikwenda kumshawishi. Kabla sijamaliza kumshawishi lori likaja, na mgambo, na mkubwa wao ambaye hatukumjua. Walikuwa wametoka kwa jirani wa pili, tuliuona moshi wa paa lake. Nyuma ya lori, kwenye baiskeli, mzee mfupi kifua kipana alikuwa anakanyaga kwa nguvu kuwafikia. Alikuwa anawafuata tangu asubuhi, nyumba kwa nyumba, akipiga picha, na tayari shati lilikuwa limechanika mgongoni kwa fimbo.

Waliingia kumtoa mama. Alikuwa jikoni, chungu cha makande kipo motoni kinachemka. Walimtoa wakimburuta kwa kanga, chungu kikapinduka, mgambo mmoja akaungua mguu, akampiga mama kofi. Mimi nilikuwa nimeshikwa na wawili. Nilimwona mwoka mikate ameinua kamera jichoni, hatua chache tu kutoka kwetu, tayari kabisa, jua liko nyuma yake. Nikamwita kwa sauti yangu yote, "Jirani!"

Aliiweka kamera chini. Hakuitupa; aliinama akailaza kwenye majani, akaja na mikono mitupu, akajipenyeza katikati ya wale mgambo, akamshika mama mkono. Kisha vumbi likafunika kila kitu. Niliona vitako vya bunduki vikipanda na kushuka. Nilisikia mfupa ukilia. Walipomaliza, mama alikuwa juu ya lori na mimi pia, nyumba ikawaka, na yeye alikuwa amelala pembeni ya kamera yake, mkono wake wa kulia umegeukia upande ambao mkono hauendi.

Hilo ndilo lililotokea. Hakumwokoa mtu. Mama alishushwa barabarani kama wengine, tukamjengea kibanda cha nyasi, na baada ya misimu miwili ya mvua alifariki hapohapo kijijini.

Mara ya mwisho nilimwona mwoka mikate Same, baada ya msiba huo. Duka lilikuwa limefungwa. Alikuwa anaishi kwenye chumba cha nyuma, na Wasabato wa Mamba walimletea chakula kwa zamu. Nilimkuta amekaa kitandani, mkono wa kulia umekauka umejikunja kifuani, haukandi wala haubonyezi kamera. Nyusi yake ya kushoto ilikuwa imegawanyika katikati kwa kovu nene, kubwa, lililomfanya aonekane kama anashangaa.

"Shikamoo, jirani."

"Marahaba. Kaa. Usikae hapo, kitanda kibovu. Kaa pale."

Nikampa habari ya mama. Aliinamisha kichwa. Alitafuta kipande cha mkate mezani kwa mkono wake mzima, hakukipata, akaacha.

"Ningepiga picha," akasema ghafla, kwa ile hasira yake. "Nimefikiri sana humu ndani. Mara ya kwanza nilipaswa kwenda kumwokoa mtu, badala yake nikapiga picha. Mara ya pili nilipaswa kupiga picha, badala yake nikaenda. Leo ukiwauliza, watakwambia watu walihama kwa nyimbo. Nani atabisha? Hakuna picha. Nyumba iliungua vilevile, mama yako akapandishwa lori vilevile, na mimi sina mkono. Nilikosea mara zote mbili."

"Mama alikuwa anakusema," nikamwambia.

"Alisema nini?"

"Mpaka anakufa. Watu wakisimulia siku ile kila mmoja anasimulia alivyopigwa. Yeye alisema, mimi kuna mtu alinishika mkono. Akiulizwa nani, anasema yule Mwarabu."

Nilidhani amekasirika kuitwa Mwarabu. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikafikiri analia, nikaanza kuinuka. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, ufizi wote nje, mpaka akalazimika kujishika ukutani.

"Hili," akasema, akigusa kovu la nyusi, "watu wote wananipa pole kwa hili. Wanasema mgambo ni wanyama. Hili si la mgambo."

"La nani?"

"La mama yako. Alikuwa na mwiko mkononi. Nilipomshika alidhani nami ni mmoja wao. Alinipiga nao kwa nguvu zote, jirani, nikaona nyota mchana. Ndipo akanitazama usoni. Ndipo na yeye akanishika."

Nilianza kucheka na mimi. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi, na kicheko kilinijia vibaya, nikajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Aliwahi kukwambia kwamba alinipiga?" akauliza.

"Hakusema."

"Basi," akasema, akilaza kichwa ukutani, "na wewe usimwambie mtu."